Siku Alizokaa Breki

Asubuhi ile mke wangu aliamka kabla yangu, kama kawaida yake. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akapandisha gauni mpaka juu ya goti la kulia, akaligusa kwa mgongo wa kiganja. Akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Halafu akagusa la kushoto, apate kulinganisha.

"Moto," akasema.

"Sana?"

"Moto wa kukaa."

Basi nikaijua siku yetu. Siku ya goti baridi alishuka saa kumi na mbili, akatembea mpaka darajani na kurudi. Siku ya goti moto alikaa. Nikamtolea kiti nje ya mlango wetu, ghorofa ya nne, pale ngazi zinapoishia, na debe tupu la kuwekea mguu. Akapakata bakuli la maharage ya kuchambua. Kutoka pale aliona mapaa ya mabati mpaka kule yanakokwisha.

Mama wa ghorofa ya pili akapita na beseni la nguo za kuanika huku juu.

"Shoga, leo hutembei? Umechoka?"

"Sijachoka. Nimekaa."

"Kwani si kitu kimoja?"

"Aliyechoka unaweza kumwinua. Mimi jaribu kuniinua, uone."

Wakacheka mpaka beseni likataka kuanguka.

Nikashuka kazini. Kazi yangu ni viatu. Benchi langu liko chini ya ngazi, pale mlangoni mwa jengo, na huu ni mwaka wa thelathini na nane nimeketi hapo. Watu wa jengo hili nawaona miguu kwanza, nyuso baadaye. Mchana nikapanda, tukala. Akaniambia nina gundi kwenye ndevu. Akaibandua kwa ukucha. Hiyo ndiyo siku yetu ya mwisho. Kesho yake, kabla hakujapambazuka, mshipa ulipasuka kichwani mwake, naye hakuamka.

Daktari ameandika mshipa. Hakuandika ngazi. Hakuandika mazoezi. Lakini msibani kila mtu alikuwa daktari.

"Mazoezi ndiyo yaliyommaliza. Mwanamke wa miaka sabini na mmoja, anashindana na barabara."

"Si mazoezi, ni hizi ngazi. Sabini na mbili! Kila siku kupanda, kushuka."

Msibani si mahali pa kugombana. Sasa naandika. Siku ile hakutembea. Siku ile hakushuka hata ngazi moja. Alikuwa amekaa. Watembeaji nimewajua wengi, na wavivu nimewajua wengi zaidi. Anayejua siku ya kutembea na siku ya kukaa nimemjua mmoja tu, nami nilimuoa.

Majuzi binti yetu amekuja tena na ile habari ya zamani, ya chumba cha nyuma nyumbani kwake. Nimemwambia, ngoja mwanangu, jibu ninaliandika. Ndilo hili.

*

Miaka thelathini na moja mke wangu alishona magunia kiwandani. Chumba kimoja, mashine arobaini, vumbi la katani mpaka kwenye kope. Kila mashine ina mota yake chini ya meza. Wenzake walizisikiliza mashine kwa masikio. Yeye kila saa aliinama, akaigusa mota kwa mgongo wa kiganja. Kiganja chenyewe hakifai, alisema, kina sugu na kina joto lake. Mgongo wake hausemi uongo. Mota ikiwa na joto la kuvumilika, anaendelea. Ikiwa na moto wa kumrudisha mkono, anazima, anafagia chini ya meza, anasubiri.

Mwaka mmoja kukawa na kazi ya haraka. Msimamizi akapita akipiga makofi, hakuna kuzima mpaka jioni. Saa sita mchana mke wangu akazima.

"Nani amekuruhusu?"

"Mota."

"Mota ndiyo iliyokuajiri?"

"Umeniajiri wewe. Lakini ukiungua wewe, kesho tunaletewa msimamizi mwingine. Mota ikiungua tunangoja miezi mitatu."

Akasimamishwa siku tatu. Siku ya pili mashine ya jirani yake ikatoa moshi, na kabla ya jioni nyingine mbili. Ya kwake ilikuwa baridi, inamngoja. Akarudi, akaiwasha, ikalia. Msimamizi hakuomba radhi, na yeye hakuwa na haja nayo. Alichoniambia ni kwamba zile siku tatu alilala vizuri.

Alipostaafu ndipo akaanguka. Ngazi ya hamsini na tisa, ndoo ya maji mkononi, siku mabomba yalipokauka. Goti la kulia likapinda. Daktari akapiga picha, akasema gegedu, ule mfupa laini wa ndani, umelika, goti halitarudi kuwa kama zamani. "Tembea siku unazoweza. Likipata moto na kuvimba, pumzika. Usilidekeze, na usilitese." Nikaona mke wangu anavyomtazama. Alikuwa amekutana na mtu anayezijua mota.

Binti yetu hakuupenda ushauri huo. Anauza dawa, na wauza dawa wote ni nusu daktari. Mtoto wetu ni huyo mmoja tu. Ana roho nzuri, ila kunong'ona hajui. Akaja Jumapili, akasimama katikati ya chumba, mkoba bado begani.

"Mama, baba, mnahama. Nina chumba cha nyuma. Hakina ngazi hata moja."

"Dirisha linatazama wapi?" mama yake akauliza.

"Dirisha?"

"Ndiyo. Linatazama nini?"

"Ukuta. Mama, watu wanaanguka ngazini, wewe unauliza dirisha!"

"Nikianguka hapa, nitaanguka huku naona mbali."

Mimi niliwaza benchi langu. Kile chumba hakina mlango wa barabarani. Nani atanipenyezea kiatu ukutani?

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho binti akakumbuka tangazo aliloliona kazini. Mwezi ujao kuna matembezi ya wazee, kutoka sokoni mpaka uwanja wa mpira, kilomita nane.

"Haya," akasema, na hasira imempanda. "Ukifika uwanjani kwa miguu yako, bila kubebwa, bila gari, sitaitaja tena habari ya kuhama. Usipofika, mwisho wa mwezi huo naleta gari la mizigo."

Mama yake akanyoosha mkono. Wakashikana mikono juu ya vikombe kama watu wa mnadani.

*

Ili upewe namba ya kutembea ilibidi uwe kwenye kikundi. Kikundi cha mtaa wetu kilikuwa na mwalimu kijana, kifua kama kabati, filimbi shingoni hata akienda kununua mkate. Watu wakamwita Filimbi. Kila asubuhi saa kumi na mbili aliwapanga wazee kumi na saba kwenye kiwanja cha shule. Kuruka, kuchuchumaa, kuzunguka kiwanja. Kila siku, na Jumapili ndani yake.

"Mwili ukiupa siku moja, utadai wiki!" alipiga kelele. "Hapa hakuna kulala!"

Alikuwa na daftari. Ukikosa mara tatu, jina linakatwa, namba hupati.

Wiki ya kwanza mke wangu akakosa siku moja. Goti moto. Kesho yake Filimbi akamsimamisha mbele za watu.

"Jana ulikuwa wapi, bibi?"

"Nilikaa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ndiyo faida ya kukaa jana."

Wazee wakacheka. Filimbi hakucheka. "Wenzako wamekuja na injini," akasema, "wewe umekuja na breki tu."

Jina likamganda. Breki. Filimbi alidhani amemtukana, kumbe amempa zawadi. Mke wangu alipanda ngazi zote sabini na mbili akilisema. "Fundi," akaniambia, huku anavua viatu, "gari lisilo na breki wewe ungelipanda?" Fundi ndilo jina aliloniita tangu tuoane. Mimi nilimwita mama. Baada ya siku ile, akinichokoza, nilimwita Breki.

Wiki ya pili akakosa tena. Mara mbili hizo. Ikabaki moja.

Zilipobaki siku kumi na tatu, niliamka alfajiri, bado kuna giza, na shuka ilikuwa imemtoka mguuni. Nikaligusa goti kwa mgongo wa kiganja, kama afanyavyo yeye. Lilikuwa moto kama kiatu kilichoachwa juani.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu nitaliandika lote. Niliwaza hivi. Akiamka ataligusa. Akiligusa atakaa. Akikaa ni mara ya tatu, jina limekatwa, uwanjani hafiki. Nikaliona gari la mizigo mlangoni. Nikauona ule ukuta.

Nikapapasa gizani, nikapata kitambaa msumarini, nikakichovya kwenye ndoo, nikakiweka juu ya goti polepole asishtuke. Kikishika joto nakigeuza. Nikakichovya tena, mara nne. Halafu nikalikausha goti kwa ncha ya shuka, nikajilaza nikamgeuzia mgongo.

Akaamka. Akaligusa. Akahesabu mpaka kumi.

"Baridi," akasema. Sauti ya mtu aliyepata asichokiomba. Akafunga viatu, akaenda.

Saa moja na nusu nilikuwa kwenye benchi. Nikaona miguu inaingia mlangoni, wa kushoto unakanyaga, wa kulia unaburutwa kwa ncha. Nilimtambua kwa viatu, maana mwendo haukuwa wake. Akashika chuma cha ngazi, akapanda. Nilizihesabu ngazi zote, nyundo mkononi. Katika ya hamsini na tisa akasimama muda mrefu.

Nilipomfuata nilimkuta kitini, gauni limepandishwa. Goti limevimba kama mkate. Na juu yake, huku na huku, madoa meusi ya rangi ya viatu.

Gizani nilikuwa nimechukua kitambaa cha kazi.

Akaniangalia. Akaliangalia goti.

"Fundi," akasema. "Ulitaka ling'ae?"

Ningefurahi angenitukana. Nikamweleza yote, gari la mizigo, ukuta, benchi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimefanya kazi na mota miaka thelathini na moja," akasema. "Hakuna hata moja iliyonidanganya. Leo nimedanganywa na mtu ninayemfulia mashati."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe likipoa. Lete debe."

*

Akakaa.

Adhabu yangu ilikuwa kwenda kwa Filimbi mwenyewe kupeleka habari. Asubuhi iliyofuata nikasimama kiwanjani mbele ya wazee kumi na sita waliochuchumaa.

"Mke wangu amekaa," nikasema.

Filimbi akafungua daftari. "Hii ni ya tatu, mzee wangu. Unajua maana yake?"

"Najua."

"Mwambie aje basi asimame tu pale ukutani, nimtie alama. Sipendi kukata majina."

Nikaona si mtu mbaya. Ni mtu mwenye filimbi.

"Wiki hii nimeshamdanganya mara moja," nikasema. "Mara ya pili siwezi. Kalamu unayo. Kata."

Akakata. Mzee mmoja aliyekuwa chini akasema kwa sauti, "Na sisi tuinuke basi, au mpaka mmalize maongezi?"

Siku ya pili goti moto. Siku ya tatu moto. Kukaa kule si kama watu wanavyodhani. Kutembea ni rahisi, unainuka unakwenda, watu wanakusifu. Kukaa unakaa na mdomo wa kila apitaye ngazini. Huyu anakuuliza umeshindwa. Yule anakuletea dawa ya shangazi yake. Mama wa ghorofa ya pili, ambaye naye alikuwa wa kikundi, akapanda kumwambia wenzake wanasema Breki ameogopa.

"Waambie ni kweli," mke wangu akasema. "Naogopa. Goti la wiki ijayo sitaki kulimaliza leo."

Siku ya sita binti akaja na futi ya kupimia. Alitaka kujua kama kabati letu litaingia kwenye chumba cha nyuma. Akalipima huku amepiga magoti, kalamu mdomoni. Mama yake mguu juu ya debe, anachambua maharage.

"Mama, zimebaki siku saba na mguu bado uko juu ya debe. Kubali tu."

"Urefu umepima?"

"Nimepima."

"Na upana?"

"Nimepima, mama."

"Andika vizuri basi, maana hutapima tena."

Binti akanitazama mimi. Nikatazama dirishani. Mimi ndiye niliyelivimbisha.

Chini kwenye benchi, viatu vilianza kuniletea habari. Kiatu cha mzee mmoja wa kikundi, kisigino kipya nilichokiweka mimi mwenyewe, kimeliwa upande mmoja kwa wiki mbili. Cha mama wa ghorofa ya pili soli imekwisha mbele, nyuma nzima kabisa. Alikuwa anatembelea vidole.

"Kisigino kinakuuma tangu lini?" nikamwuliza.

"Nani kakwambia?"

"Kiatu."

"Tangu Jumatano. Lakini Filimbi anasema maumivu ni ya kuzoea."

"Filimbi havai kiatu hiki."

Kesho yake hakwenda kiwanjani. Alipanda kwetu na kigoda chake, akakitua karibu na debe. Wakakaa wawili. Kelele zao za kucheka nilizisikia mpaka chini, ghorofa nne nzima.

Asubuhi ya nane mke wangu aliligusa, akahesabu mpaka kumi. Akarudia. Halafu akauchukua mkono wangu, akaugeuza, akauweka yeye mwenyewe.

"Sema wewe," akasema.

"Baridi."

"Umeweka maji?"

"Sijaweka, mama."

"Basi limepoa."

Mimi nilikuwa nimelingoja neno hilo siku nane, na niliijua maana yake.

Nikafikiri atavaa viatu. Hapana. "Siku ya kwanza ya baridi ni ya goti," akasema. "Ya pili ndiyo yangu." Ya pili akashuka mpaka benchini kwangu, akanisalimu kama mteja, akapanda. Siku mbili zilizofuata akafika darajani. Siku ya mwisho kabla ya matembezi goti lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na bado akakaa. Nikamwuliza kwa nini.

"Kesho nina kazi nalo," akasema.

Viatu vyake nilikuwa nimevichukua. Nikapunguza kisigino, nikaweka soli ya mpira laini, nikashona kwa uzi mara mbili. Hiyo ndiyo samahani niliyojua kuisema.

*

Sokoni walikuwa wamefunga kamba pande zote mbili za barabara. Ndani ya kamba wazee, namba vifuani. Kijana wa kulinda kamba akamzuia.

"Namba yako, mama?"

"Sina."

"Bila namba huingii ndani ya kamba."

Akaiangalia kamba. Akaangalia nje yake, penye milango ya maduka, mitaro, na baiskeli zimeegeshwa.

"Na huku ni kwa nani?"

"Huko? Kwa wapita njia."

"Ndiye mimi."

Tukaenda. Nilimfuata nyuma na kigoda changu cha kazi. Kila alipoona kilomita mbili zimekwisha aliketi, akapandisha gauni kidogo, akaligusa goti, akahesabu. Watu wakasimama kutazama. Kinyozi mmoja akatoka na mkasi mkononi akauliza kama bibi amezidiwa.

"Nyoa wewe," mke wangu akamwambia. "Mteja wako amebaki na nusu kichwa."

Tulikuwa bado hapo kwa kinyozi, Filimbi alipopita ndani ya kamba na kikundi chake. Wanaimba, amewapanga safu mbili.

"Breki! Umeishiwa?"

"Napoza mota!"

"Utapoza mpaka kesho!"

"Kesho ni siku ya kukaa. Leo nafika."

Hata wale wazee wake wakacheka, wimbo ukavurugika. Sitasema uongo, kumi na wawili kati yao walifika kabla yetu, na walifika wakiimba. Watatu tuliwaona baadaye ndani ya gari la wagonjwa, viatu mapajani. Mmoja alikuwa yule wa kisigino kilicholiwa upande.

Baada ya kilomita ya sita nikaona uso wake umebadilika. Akaketi. Akaligusa.

"Moto?"

"Vuguvugu."

"Turudi, mama. Tutamwambia binti tumejaribu."

Akanitazama. "Fundi. Siku ile ulinidanganya kwa maji. Leo unataka kunidanganya kwa huruma? Halijaurudisha mkono. Likiurudisha nitakwambia, na hapo hata ungenisukuma siendi."

Akakaa robo saa nzima. Kamba ikaanza kulegea, vijana wakaanza kuikunja nyuma yetu. Akaligusa tena. Akasimama.

Saa tano tukafika langoni. Mlinzi alikuwa ameshafunga bawa moja la lango. Ndani binti yetu amesimama, mkoba begani, amengoja tangu saa tatu. Alipotuona alikimbia, halafu akajizuia, akatembea.

"Bila namba hamuingii," mlinzi akasema.

Mke wangu akashika nondo za lango. "Binti yangu," akasema, "makubaliano yetu ni uwanjani. Hapa nilipo ni uwanjani au si uwanjani?"

Binti angeweza kusema si uwanjani. Angeshinda. Nilimwona anafikiri. Halafu akamgeukia mlinzi.

"Mfungulie."

"Dada, hana namba."

"Namba yake ni mimi. Mfungulie."

Hajui kunong'ona, nilishasema. Uwanja mzima uligeuka. Mlinzi akafungua. Mke wangu akavuka mstari, akakanyaga nyasi, hatua tatu. Nikatua kigoda. Akaketi.

"Nimefika," akasema.

Binti akapiga magoti kwenye nyasi, akaweka kiganja juu ya goti la mama yake. Mama yake akakigeuza, ukawa mgongo wake. "Hesabu mpaka kumi," akamwambia. Binti akahesabu kwa sauti, kama alipokuwa mdogo.

"Lina joto, mama."

"Najua. Kesho nakaa."

Binti alilitimiza neno lake. Miaka mitatu hakutaja chumba, na ile futi sikuiona tena. Namshukuru. Sasa kwa kuwa mama yake hayupo, anaona makubaliano yamekwisha. Mimi ngazi bado napanda. Magoti yangu nayagusa kila asubuhi, yote mawili, kwa mgongo wa kiganja, na siku ya moto benchi halifunguliwi, mwenye kiatu atangoja.

Lakini siku ile pale uwanjani, binti akiwa bado amepiga magoti, alijaribu mara moja ya mwisho. Akasema, "Haya mama, umeshinda. Sasa upumzike kabisa. Siku zote."

Mama yake akashusha gauni, akalinyoosha. Nilikuwa nimesimama karibu, sikukosa hata neno. Alisema hivi:

"Siku ya kupumzika nitaambiwa na goti. Wewe ni binti yangu na nakupenda, lakini wewe si goti langu."